Minyoo Wangu Saba, kwa Mpangilio wa Usingizi Walioninyima

Wiki ya tatu baada ya kujaza tangi langu la maji ya chumvi, lita 200, sebuleni kwangu Dar es Salaam, niliwasha tochi saa tano usiku nikakuta kioo kinatembea. Samaki hakuwepo hata mmoja. Kulikuwa na mchanga, mawe hai, pampu, na chumvi maalumu niliyoinunua kwa bei ambayo mke wangu anaicheka hadi leo, kwa sababu Bahari ya Hindi iko dakika kumi kutoka mlangoni petu. Na minyoo: nyuzi nyeupe, tambi, vichwa vinavyochungulia kwenye matundu ya mawe kama majirani waliosikia ugomvi.

Nikafanya kosa la kumpigia shemeji, ambaye ana duka la dawa.

"Minyoo? Hilo dogo, shem. Mgonjwa ana umri gani?"

"Wiki tatu."

"Basi tutampa ya maji, vidonge hatamudu."

Tangu usiku ule nimewafahamu wapangaji wangu mmoja mmoja. Naanza na aliyenisumbua kidogo, nishuke hadi aliyenimaliza.

7. Asiyekuwa mnyoo

Vidoti vyeupe vinavyoruka-ruka kiooni ni kopepodi, ndugu wa mbali wa kamba na kaa. Wengi hawafiki hata milimita mbili. Ukiwaona wametapakaa, furahi: kuna samaki, kama mandarini, ambao wasipowapata kwa wingi hukonda mpaka kufa. Kuwaita minyoo ni kuwavunjia heshima. Shemeji aliwaandikia dozi hata hivyo.

6. Aliyejenga bila kibali

Huyu ni mnyoo kweli, ila anaishi kwenye kigamba cheupe kilichojiviringa kama konokono, milimita moja hadi tatu, kilichogandishwa kiooni, kwenye pampu, kwenye bomba, popote. Kundi lake huitwa spirobisi. Hutoa kijishungi kama unyoya, huchuja chembe za chakula majini, hamdhuru mtu. Ukimkwangua kwa wembe leo, wiki ijayo ukoo mzima umeshajenga upya nyuma ya pampu, mahali wembe haufiki. Bomoabomoa yangu niliiacha baada ya jaribio la pili.

5. Uzi mweupe

Hawa ndio walioniamsha. Vijinyuzi vyeupe, vyembamba kuliko unywele, vingine vinajipinda majini kama herufi S, vingine vinateleza juu ya kioo bila kuonyesha miguu wala haya. Ndani ya kundi hili kuna minyoo wa aina nyingi, wa mviringo na wa bapa, na kwa macho matupu huwezi kuwatenganisha. Habari njema ni kwamba hakuna haja.

Tangi jipya ni mtaa ambao chakula kimefika kabla ya walaji. Ili kuliamsha, nilikuwa nimetupa ndani kamba wawili wabichi, wale wa kula, waoze na kutoa amonia. Bakteria fulani huigeuza amonia kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali sana, na shughuli hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kabla samaki hajakanyaga. Kamba mmoja angetosha. Mimi nilitupa wawili, kisha, kwa roho ya ukarimu, nikanyunyiza na chakula cha samaki. Chakula cha samaki, kwenye tangi lisilo na samaki. Nani alitarajiwa kukila?

Kwa hiyo walikuja waliojialika wenyewe. Chakula kingi, hakuna wa kuwala, wakazaana. Tiba yake haiuzwi kwa shemeji. Nilitoa mabaki ya kamba, nikanyonya uchafu wa mchangani kwa mpira, nikabadilisha asilimia 15 ya maji, nikafunga kopo la chakula na kumpa mke wangu alifiche. Siku kumi baadaye kioo kilikuwa kimya. Wachache wamebaki hadi leo, na tunasalimiana.

"Umewaua kwa njaa," shemeji alisema kwa huzuni ya mtu aliyekosa mauzo.

4. Tambi

Asubuhi moja mwanangu aliuliza nani amemwaga tambi mchangani. Nyuzi ndefu, angavu, zimetawanyika kutoka kwenye tundu moja, zinajikunja na kujikunjua taratibu. Hizo ni mikono tu. Mwenyewe amejificha kwenye mrija wake na hatoki. Anatuma mikono sokoni, inaokota chembe moja moja na kuzisafirisha hadi mdomoni. Kazi yake ni usafi na hadai mshahara. Sikumgusa, ila Ramadhani ile tulipopikiwa tambi za sukari, nilikula wali.

3. Tandu wa baharini

Mwili wa pingili, rangi ya waridi inayokwenda kwenye kahawia, vishungi vya nywele nyeupe ubavuni, na mwendo wa tandu aliyechelewa kazini. Usiku ndio mchana wake. Wa kawaida kwenye matangi ni Eurythoe na jamaa zake, na hakuna mnyoo anayesingiziwa kama huyu. Samaki anakufa kwa ugonjwa au kwa uzembe wa mwenye tangi, asubuhi tandu wanakutwa juu ya maiti, kesi imekwisha. Jamani, kumkuta mtu msibani anakula pilau si ushahidi kwamba ndiye aliyeua! Huyu anakula kilichokwisha kufa, na anakimaliza kabla hakijachafua maji.

Kuna jamaa yake mwenye makosa ya kweli, Hermodice carunculata, wa Atlantiki na Mediterania, anayekula matumbawe yaliyo hai. Yuko mbali na kwangu, lakini picha zake ndizo zinazomponza wangu.

Kosa moja analo: zile nywele. Nilimshika kwa vidole vitupu nikidhani namhamisha kistaarabu. Fikiria upupu, lakini wenye kinyongo. Selotepu huzing'oa, siki hupunguza moto, na mke wa mtu hutoa mhadhara bila malipo.

Ila siku moja alinilipa. Umeme ulikatika usiku, pampu zikanyamaza, nami nikalala. Saa saba nikaamka kunywa maji, nikamulika tangi: tandu zaidi ya kumi wamepanda kioo hadi karibu na uso wa maji, wale wasiotoka peupe hata kwa kamba mnono. Maji yalikuwa yanaishiwa oksijeni, na wao ndio walioanza kupiga kelele. Nikachukua jagi, nikawa nachota na kumimina kutoka juu, nachota na kumimina, mpaka saa kumi umeme uliporudi. Sasa ukinishauri niwawekee dawa, tutakosana.

Shemeji alishauri. Dawa za ukoo wa albendazo hutumika kweli kwenye matangi, ila haziulizi kitambulisho. Zinaondoka na tandu, tambi, hata konokono, wote wanaoza kwa pamoja, na amonia inarudi kama mgeni aliyesahau begi.

2. Bobiti

Eunice aphroditois. Hukaa mchangani au ndani ya jiwe, anatokeza kichwa tu, na taya zake hufyatuka kama mtego wa panya. Januari 2009, kwenye boya katika bandari ya uvuvi ya Seto, Japani, alipatikana mmoja mwenye urefu wa sentimita 299, pingili 673, uzito wa gramu 433. Mwaka huohuo, kwenye tangi la maonyesho la Blue Reef huko Newquay, Uingereza, kitu kilikuwa kinajeruhi samaki na kula matumbawe usiku. Wahudumu walipobomoa mapambo ya tangi walimkuta jamaa wa zaidi ya mita moja, wakampa jina Barry. Jina la bobiti lenyewe lilitokana na kisa cha mke, mume na kisu kule Marekani mwaka 1993, nami sitakieleza kwa kuwa mama mkwe anasoma.

Nilikesha usiku nne nikimvizia na tochi nyekundu, kwa sababu minyoo wengi hawaijali sana rangi hiyo. Nilimwona! Amechomoza jiweni, mweusi, hatikisiki. Nikamwita mke wangu. Akatazama, akasema hicho ni kifungo cha plastiki kilichofungia waya wa pampu.

Kwa nini basi awe wa pili? Kwa sababu hajawahi kuwepo.

1. Kutu

Aliyenimaliza ana milimita chache tu. Alikuja miezi kadhaa baadaye, juu ya kipande cha tumbawe nilichouziwa na mtu mwenye tabasamu zuri. Vidoa vyekundu-kahawia, kama kutu, mkiani kila kimoja kina ncha tatu. Ni Convolutriloba. Mwilini wamefuga mwani unaowalisha, kwa hiyo mchana hujianika mwangani kama dagaa kwenye turubai. Wapenzi wa matangi huwaita minyoo bapa, ingawa wataalamu wengi wa leo wamekwisha kuwatoa kwenye ukoo huo. Spishi moja, iliyoelezwa mwaka 1988, huchipua watoto nyuma yake, kichwa cha mtoto kikielekea kinyume na cha mama. Hata kuzaliana kwao ni kupingana.

Nilileta samaki wa mistari sita, ambaye yupo hata kwenye miamba ya pwani yetu na anasifika kwa kuwala. Alikula watatu mbele yangu, kisha akatumia wiki nzima kuwafukuza samaki wengine.

Hatari yenyewe iko kwenye kifo chao. Wakiwa hai wanakera, wanafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Wakifa maelfu kwa mpigo, hutoa sumu inayoweza kufagia samaki wote. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote ni mpira na subira: jioni kumi na mbili mfululizo niliwanyonya hadi ndoo ikawa na rangi ya chai. Nikaandaa maji mapya lita 60 na mkaa maalumu wa kunyonya sumu, ndipo nikatia dawa.

Shemeji alifika jioni hiyo na kasha la vidonge vya mkaa, vile vya waliokunywa sumu. Umbo halikuwa lenyewe, lakini fikra ilikuwa sahihi, nami nikamwambia hivyo. Alikaa nami mpaka usiku, tukitazama kutu ikibanduka kidogo kidogo, mkaa ukifanya kazi, samaki wakipumua.

Asubuhi nikamulika nyuma ya jiwe kubwa. Doa moja.

"Rudia dozi baada ya wiki mbili," shemeji alisema, akinywa chai.

Na safari hii, kwa mara ya kwanza, hakukosea.