Tunaomba Nansio Itangazwe Kambi

Nansio, Ukerewe

Kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi,
Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

Nakala: Wafadhili, pamoja na mashirika yote yenye mabango barabara ya Kasulu hadi Kibondo.

YAH: OMBI LA KUINGIZWA KATIKA MPANGO WA ULINZI WA JAMII

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mkerewe, mkazi wa Nansio, niliyerudi nyumbani baada ya wafadhili kufunga pochi mwaka 2025 na kazi yangu ya afisa ulinzi wa jamii kuondoka pamoja na dawati lake. Nilipokuwa kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta nilijionea jinsi watu wanavyoweza kulindwa kwa gharama ndogo, na inaniuma kuona utaalamu huo wote unaishia mkoani Kigoma huku sisi wa Kanda ya Ziwa tukiishi holela, kila mtu anatoka na kuingia apendavyo.

Vigezo tunavyo. Kambi inataka mpaka, nasi Mungu ametuzungushia ziwa bila kutangaza zabuni. Kambi inataka geti, nasi tunalo gati la Nansio kwa wanaokwenda Mwanza na kivuko cha Rugezi kwa wanaokwenda Kisorya na Bunda. Wekeni askari wawili huku na wawili kule, wilaya itakuwa imefungwa. Idadi yetu isiwatishe. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi walipomiminika mwaka 2015 ikabeba watu zaidi ya laki moja na nusu. Wilaya yetu nzima, visiwa vyote pamoja, haifiki mara tatu ya hapo.

Tungependa tuanze na ile kanuni ya kambini ya kutovuka kilometa nne bila kibali. Kwa sasa mtu wa Nansio mwenye shamba la mihogo upande wa Murutunguru anapanda pikipiki asubuhi na kwenda, bila mhuri wala maelezo. Huu ni uzembe. Mkimbizi, kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, hukaa eneo alilotengewa na hutoka kwa kibali, na akikamatwa nje bila hicho kibali anajua pa kulala. Mama anayepeleka machungwa Mwanza naye aombe kibali. Machungwa yataozea gatini, ndiyo, lakini yeye atakuwa salama.

Baada ya hapo litafuata soko. Kambini kulikuwa na masoko ambayo Mrundi, Mkongo na Mtanzania wa kijiji jirani walikuwa wakiuziana dagaa, sabuni na mitumba bila kugombana, jambo lililowatia wasiwasi wakubwa. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu ukasimamishwa. Mwanzoni mwa 2018 nchi ikajitoa kwenye ule mpango mpana wa kimataifa wa kuwasaidia wakimbizi wajitegemee. Haikuchukua muda, masoko na maduka nayo yakaanza kufungwa. Hapo ndipo idara yetu ya ulinzi wa jamii ilipostawi! Mwanamke mwenye genge la nyanya hana haja na afisa kama mimi. Genge likifungwa, anakuwa kesi, na kesi ina fomu, na fomu ina mtu wa kuijaza.

Ngoja niwaeleze habari ya kuni, maana ndiko kazi yetu ilikofikia upeo. Mgao wa kambini ni mahindi au unga, jamii ya kunde, mafuta na chumvi, vyote vitu vya kupikwa. Kuni haziko ndani ya kambi, zilishakwisha miaka mingi iliyopita. Ziko msituni, nje, ambako hairuhusiwi kwenda. Kwa hiyo mwanamke anatoka alfajiri na panga lake. Huko anakutana na mwenye msitu, ambaye ana hasira zake za haki kwa sababu miti inaisha, au anakutana na mwanamume asiye na habari na miti. Wengine walirudi wamepigwa. Wengine walirudi na jambo ambalo hawakumwambia mtu hadi mimba ilipolisema.

Shirika nililolitumikia, ambalo jina lake nalihifadhi, lilikaa na kutafakari kwa kina. Kupeleka majiko na nishati kwa kila kaya kulionekana ni ghali. Kuruhusu watu kutoka mchana, kwa utaratibu, pamoja na wanakijiji, kulionekana ni suala la kisera, yaani lenu. Likabaki la tatu: semina. Tukawakalisha wanawake chini ya turubai, tukabandika karatasi kubwa, tukawauliza kwa kalamu ya rangi, "Je, hatari ziko wapi?" Wakachora msitu. Tukawauliza, "Jamii ifanye nini?" Wakasema jamii ipewe kuni. Mwezeshaji akaandika, "Jamii iende kwa makundi." Kisha tukagawa soda, maandazi na vizibao vya rangi ya chungwa vinavyong'aa, ili watambulikane kuwa ni kikundi cha ulinzi. Wiki iliyofuata mama mmoja alinirudishia chake kikiwa kimekunjwa vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, hiki kinaonekana toka mbali. Huku tunajificha."

Nilipokea kizibao, nikajaza fomu ya kurejesha vifaa.

Nansio tunapikia mkaa na kuni pia, kwa hiyo vizibao vije vingi.

Sungusungu hamna haja ya kutufundisha. Mambo hayo yalianza huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali. Nilifurahi sana kuwakuta kambini, wakimbizi wanaolinda wakimbizi wenzao usiku, kila mmoja na filimbi, koti la mvua na tochi. Betri za tochi zilikuwa kwenye bajeti ya robo mwaka inayofuata. Enzi zile za mwanzo babu zetu walikuwa na upinde na idhini ya kijiji kizima. Hawa wa kambini wana filimbi tu. Jukumu wanalo, mamlaka hawana. Wakimkamata mwizi wanamkabidhi, wakikamatwa wao hakuna wa kuwapokea. Na kwa kuwa mkimbizi kuajiriwa ni kazi kubwa kisheria, halipwi mshahara, analipwa motisha. Niliyekuwa naye zamu moja alizungumza Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, akijua kila nyumba yenye ugomvi kwenye zoni yake. Motisha yake ya mwezi haikufikia posho yangu ya kulala Kasulu usiku mmoja. Ripoti aliandika yeye, sahihi niliweka mimi.

Masanduku ya malalamiko tunaomba mtuletee yaliyo tayari, yenye kufuli, na ufunguo akae nao yule anayelalamikiwa, kama nilivyozoea. Tunaomba pia kile kibanda cha ushauri wa siri kwa wanawake waliodhulumiwa. Chetu kilikuwa katikati ya njia ya kwenda kuchota maji, na juu yake bango linalosomeka toka bombani. Mwanamke akiingia pale saa tatu, saa nne zoni nzima imeshampa pole.

Mwaka 2023 mgao wa chakula uliposhuka hadi nusu, nasi tulishuka uwanjani na mabango mapya: "Epuka mbinu mbaya za kujikimu." Mbinu mbaya ni kama kuuza sehemu ya mahindi ili upate hela ya kusagisha yaliyobaki. Nilisimama nikalifundisha hilo somo mbele ya watu waliotoka kwenye foleni na nusu debe, nikiwa nimekula ugali na samaki. Swali lilikuja moja tu, kutoka kwa mzee wa Kikongo aliyekaa pale tangu kambi ifunguliwe: "Mbinu nzuri ni zipi?" Somo hilo halikuwamo kwenye kitini.

Halafu kuna Warundi kurudi nyumbani kwa hiari. Hiari ilianza mwaka 2017 kwa mabasi na orodha. Mwaka 2019 jirani yetu wa ng'ambo ya kivuko, Mheshimiwa Kangi Lugola, mbunge wa Mwibara, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akatangaza kwamba Warundi wote waanze kurudishwa Oktoba mosi, kwa makubaliano na serikali yao. Kambi ya Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Sisi wa ulinzi wa jamii tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba tukieleza kwamba hiari ipo palepale. Watu walitusikiliza kwa adabu, wakitazama lile basi.

Najua mtasema mzigo tumeubeba sisi. Ni kweli, na sitanii. Mwaka 1994, ndani ya siku moja hivi, Wanyarwanda kama laki mbili na nusu walivuka Rusumo kuingia Ngara, na hatukuwafungia daraja. Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen mwaka 1983 kwa sababu ya mambo ya namna hiyo. Mwaka 2014 Warundi waliokimbia mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kiasi cha 162,000, walipewa uraia. Na hao wafadhili ninaowaandikia nakala, kila mwaka huahidi nyingi na kuleta pungufu, kisha hutukemea kwa lugha nzuri. Walioishi Katumba walilima, wakauza tumbaku na mahindi, wakasomesha watoto. Sikumbuki kusikia kwamba walihitaji kizibao cha chungwa.

Hapo ndipo ninapopata mashaka kidogo na ombi langu, nanyi mnisaidie. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao, kabla ya boti ya serikali na kabla ya waandishi. Hawakuwa na kamati. Walikuwa na mtumbwi, kasia, na uhuru wa kuingia majini bila kumwomba mtu. Nikijaribu kuwaweka wavuvi wale kwenye mfumo wetu wa kambini, naona wakisubiri kibali ufukweni, filimbi mdomoni.

Na wazee hapa husimulia kwamba Wasilanga, waliotoa watemi wa Ukerewe, walikuja na Katobaha kutoka Ihangiro, kwa mitumbwi. Walipewa mahali pa kulima. Tukifuata utaratibu wa sasa, Katobaha angekuwa zoni ya saba, akisubiri mahojiano ya hadhi ya ukimbizi, na kwa utemi wake tungempa motisha.

Lakini mfumo huo tumekwishauonja kidogo, msidhani sisi ni wageni kabisa. Vikundi vya kulinda ziwa, BMU, tunavyo kila mwalo. Vinapewa jukumu la kuzuia nyavu haramu, bila boti na bila petroli, na Operesheni Sangara ilipofika mwaka 2018 ikachoma nyavu, vikundi vyenyewe vikalaumiwa na serikali kwa kulegea na vikalaumiwa na wavuvi kwa kukaza. Kwa hiyo uzoefu wa kuwajibika bila uwezo tunao, na mafunzo yetu yatakuwa mafupi.

Ombi likikubaliwa, naomba nafasi ya afisa ulinzi wa jamii, kituo cha Nansio, kwa mshahara, siyo motisha. Ombi likikataliwa kwa sababu eti wananchi wa Ukerewe ni watu huru wenye haki ya kutembea, kuuza na kupika, naomba nijibiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili chepesi, nakala nne. Moja nitaibandika gatini. Tatu nitazipeleka Nyarugusu, kwa yule mama, kwa yule mzee wa Kikongo na kwa mwenzangu wa zamu, nao wawaulize wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa Ulinzi wa Jamii (mstaafu kwa kukosa bajeti),
S.L.P. ya jirani, Nansio.