Zanzibar kwa Shilingi Mia Mbili

"Jina?"

"Safari."

"Mzee wangu, safari naijua, ni ya Zanzibar. Nimekuuliza jina."

"Ndilo jina. Safari."

Binti aliyekaa nyuma ya kioo akaacha kuchapa, akaniangalia kwa jicho la mtu anayetaniwa huku foleni imefika mlangoni. Nikampitishia kitambulisho cha NIDA kwenye tundu la chini. Kwetu Maretadu, na Mbulu nzima, Safari ni jina la watu. Mama akijifungua njiani, au baba akiwa hayupo nyumbani, mtoto ni Safari, basi. Baba yangu naye aliitwa Tluway, ambalo kwa Kiiraqw ni mvua. Kwa hiyo kitambulisho changu ukikitafsiri chote kinasomeka Safari Mvua, na siku ile, nikiwa nimelowa jasho chapachapa mbele ya dirisha la tiketi bandarini Dar es Salaam, niliona wazee wangu hawakukosea.

Tiketi ilisema TULUWAI. Kitambulisho kilisema TLUWAY. Binti akaviweka sambamba, akavitazama, akatoa hukumu: "Hawa ni watu wawili."

Mbaya zaidi, boti yenyewe ilikuwa imeshaondoka. Nilichokuwa nabembeleza ni kubadilishiwa tiketi 14, kila moja ikiwa na jina la Kiiraqw lililopigwa chapa na mtu asiyejua tl, asiyejua hh, na aliyeiogopa q kabisa.

Ilianzia kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka 2025 vitunguu saumu vilituheshimu, tukavunja mzunguko, tukagawana, na Mwenyekiti, ambaye ni mama yangu mkubwa na hajawahi kukosa la kusema, akatoa hoja: mabati tumenunua, mbuzi tumenunua, sasa twende tukaione bahari. Mjumbe mmoja alikuwa na namba ya wakala wa Dar. Wakala akatutumia kwa simu kurasa saba za masharti, ambazo mpaka leo naamini alizinakili kutoka kwa kampuni za meli za matembezi za Wazungu, zile meli kama maghorofa zinazobeba watu maelfu, na mabwawa ya kuogelea juu yake. Alichobadilisha ni bei tu. Mimi, mwalimu mstaafu wa jiografia, nikapewa kazi ya kufafanua.

(Nilianza, kama kawaida ya walimu, mbali na mada. Niliwaambia kwamba kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ambacho siku hizi kinaunda meli hizo za matembezi, ndicho kilichounda mwaka 1913 meli iliyoletwa Kigoma vipandevipande ndani ya masanduku, tunayoiita Liemba. Mama mkubwa akasema, "Mwalimu, tuambie shilingi ngapi.")

Sharti la kwanza lilikuwa malipo ya awali, laki moja kila kichwa, yasiyorudishwa. Mtu akiugua? Hayarudi. Akifiwa? Hayarudi. Ubishi ukataka kuwaka, mama mkubwa akauzima: "Hicho ni kishika uchumba. Ukighairi wewe, imekula kwako." Kila mtu akaelewa, wazee walioachwa na wachumba wakaelewa zaidi. Nilipoongeza kwamba watu wa pwani wana neno lao la zamani la malipo hayo, arubuni, na kwamba ndugu yake ni kurubuni, yaani kumlaghai mtu, mweka hazina wetu alifunga kisanduku cha fedha akakikalia.

Sharti la pili lilikuwa kuponi ya shilingi elfu kumi kwa kila abiria, iliyoitwa "salio la ndani ya chombo". Inanunua vitu ndani ya boti tu, haigeuzwi fedha taslimu, haina chenji, na ukishuka inakufa. Hapa sikuwa na kazi. "Ni bando," kijana mmoja akasema kutoka nyuma, na wenzake wakaitikia kwa uchungu wa watu waliowahi kupewa dakika za bure za kuanzia saa sita usiku. Kumbe hata kwenye meli zile kubwa mambo ni hayohayo: salio la zawadi usipolimaliza kabla ya kushuka linabaki kwa wenye meli. Binadamu wa Miami na binadamu wa Maretadu tunaibiwa bando kwa namna moja.

Sharti la tatu lilisema abiria afike saa nzima kabla, geti hufungwa nusu saa kabla ya boti kuondoka, na jina la tiketi lifanane na la kitambulisho. Hilo halikujadiliwa. Lilikuwa fupi, tena lilionekana kama utani, kwa sababu sisi usafiri tunaujua. Gari letu la alfajiri husubiri. Ukiwa bado unakunywa chai, mtoto anatumwa barabarani kusimama, na gari likimwona mtoto linajua kuna mtu mzima anakuja. Ukiwa ng'ambo ya bonde unapunga kitenge, konda anagonga bati mara mbili, dereva anazima injini, abiria wanashuka kunyoosha miguu. Nimeshaona gari likimsubiri mtu aliyerudi nyumbani kufuata kuku. Hakuna aliyelalamika, kwani kuku alikuwa anapelekwa msibani.

Safari yenyewe mpaka Dar sina la kuieleza sana. Babati, Kondoa, Dodoma, lami tupu tangu 2018. Dodoma tukapanda treni ya umeme, ambayo iliondoka kwa dakika iliyoandikwa, na mzee wetu mmoja akashtuka: "Imeondoka! Dereva amekunywa chai saa ngapi?" Lile lilikuwa onyo. Tulilicheka.

Asubuhi ya bahari tukatoka gesti mapema, tumebeba mabegi na nusu gunia la vitunguu saumu vya kuuza Darajani. Wakala alikuwa ameandika kwamba tufike "ferry". Mimi ndiye kiongozi wa msafara. Nikasimama kituoni, nikasikia konda wa daladala akiimba "Feri, Feri, Feri!", nikasema Mungu si Athumani, nikawapakia wote.

Mkazi wa Dar ameshacheka. Sisi hatukujua kwamba Feri ya Dar ni pale Magogoni, penye soko la samaki na pantoni la kwenda Kigamboni, na kwamba boti za Unguja zina geti lao, mwendo wa miguu kutoka hapo. Tuliposhuka tukaona maji, tukaona chombo, tukaona watu wanakimbilia. Tungetaka ushahidi gani tena? Kijana mmoja akatugongea kadi yake getini mara 14, tukamhesabia elfu mbili na mia nane taslimu. Mia mbili kila mtu. Hakuna aliyetuuliza jina, wala kitambulisho, wala kuponi.

"Mwalimu," mama mkubwa akasema tukiwa tumesimama kati ya lori la saruji na mwanamume mwenye trei sita za mayai, "kama Zanzibar ni mia mbili, laki yangu ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia ile ilikuwa ya hoteli.

Niliogopa kidogo pale ng'ambo ilipoanza kuonekana kabla sijashika vizuri chuma cha pembeni. Nimefundisha jiografia miaka 31. Nimechora Unguja ubaoni, kwa chaki, mara zisizohesabika, na kila mara niliacha nafasi ya maji pale katikati. Lakini mtu akishatangulia mbele ya watu 13, akili yake inafanya kazi ya kumtetea, haifanyi kazi ya kufikiri. Nikajiambia labda mkondo umejaa mchanga.

Tukashuka. Bodaboda akanifuata. "Wapi mzee? Kibada? Mjimwema?"

"Mji Mkongwe," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua.

"Mjimwema."

"Mkongwe, kijana. Mji Mkongwe."

Akakuna kichwa, akamwuliza mwenzake, mwenzake akamwuliza mwingine. Wakakubaliana kwamba huenda ni mtaa mpya, umepimwa viwanja juzijuzi, mbele ya Kibada huko. Ni elfu tano.

Mama mkubwa alikuwa ameshaanza kusoma vibao vya maduka. Alivisoma vitatu, vyote vimeandikwa Kigamboni, akakaa juu ya gunia la vitunguu. Sitaandika alichosema. Alisema kwa Kiiraqw, na hakikuhusu jiografia.

Kurudi ni elfu mbili na mia nane nyingine. Tukashuka Magogoni, tukakimbia kando ya bahari, mabegi kichwani, tukapita Kanisa la Azania Front, na Walutheri wetu wakapunguza mwendo kidogo kwa heshima. Tulipofika usawa wa Mtakatifu Yosefu, Wakatoliki wakapiga ishara ya msalaba bila kusimama. Kanisa lile limetazamana na bandari, na bandarini boti yetu ilikuwa inajitenga na gati taratibu. Mama mkubwa akavua kitenge cha begani, akakipunga.

Alikipunga vizuri kabisa, kwa namna ambayo gari letu la alfajiri lingesimama hata kwenye mteremko. Boti ikageuza kisogo, ikatoa povu, ikaenda.

Mzee mmoja wa Kiunguja aliyekuwa anasaidia mizigo akatuonea huruma. "Mlango ushafungwa zamani, jamaa zangu. Boti haimngoji mtu." Akatuelekeza dirishani, na ndipo nilipokutana na yule binti wa "safari naijua".

Nilitaka kumchukia, nikaanza kabisa. Lakini nilivyosimama pale akilinganisha majina yetu herufi kwa herufi, nikakumbuka redio. Tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, na kila taarifa ya habari ilikuja na idadi nyingine ya watu, kwa sababu wengi walipanda bila kuandikwa popote. Idadi yao bado inabishaniwa. Mwaka uliofuata, mwezi Julai kama huu wetu, Skagit ikazama ikitokea hapahapa Dar. Mtu akipotelea majini bila jina lake kuwa kwenye orodha, nyumbani kwao hawana hata pa kuanzia kuuliza. Basi nikatulia, nikamtajia tl yangu polepole, T, L, akaisahihisha, akasema, "Mzee Safari, mna majina magumu nyie." Tulilipa faini ya kubadilisha tiketi zote, tukapewa boti ya mchana. Kuponi, akasema, bado zinafanya kazi.

Tulipokuwa tunasubiri, kijana wetu mmoja akasoma kwenye simu, kwa furaha isiyofichika, kisa cha Machi 2024 cha abiria wanane wa meli ya matembezi ya Norwegian Dawn. Walichelewa kurudi kutoka matembezini São Tomé, nahodha akakataa kuwapandisha ingawa meli ilikuwa bado inaonekana, wakaikimbiza nchi kwa nchi mpaka wakaikamata Senegal. Tulifarijika mno. Wao Senegal, sisi Kigamboni tu, tena kwa mia mbili.

Saa mbili za baharini. Julai ni msimu wa kusi, na hilo nalo niliwahi kulifundisha, kwamba upepo huo huvuma kutoka kusini na kuchafua bahari. Kulifundisha na kulipanda ni vitu viwili. Dakika ya 20 wahudumu wakapita wakigawa vifuko kwa ukarimu uliotutia wasiwasi. Dakika ya 30 tulijua ni vya nini. Kwetu, kabla ya dini hizi, wazee waliamini wema unatoka kwa Lo'a, jua, na kwamba ndani ya maji wanakaa netlaangw, ambao si watu wa kuchezewa. Katekista wetu, mtu aliyebatizwa akiwa na wiki mbili, aliinua uso kutoka kwenye kifuko akaninong'oneza: "Mwalimu, wazee hawakuwa wajinga."

Watu 13 tulilala kwenye viti kama viroba vya viazi. Mmoja alikuwa wima. Mama mkubwa alikuwa anatafuna kitunguu saumu kibichi, punje baada ya punje, kama karanga, na majirani zake wote walikuwa wamehama. Alinisimamia kichwani.

"Mwalimu. Lile bando."

"Mama, niache nife."

"Tukishuka linakufa?"

Nikatikisa kichwa kukubali, nikajuta kukitikisa. Akapita kiti kwa kiti, akikusanya kuponi mifukoni mwa watu wasioweza kujitetea. Laki moja na arobaini elfu. Nilisikia sauti yake kutoka kantini, juu ya mngurumo wa injini: biskuti hizo zote, ndiyo, na katoni yake. Korosho. Maji, yote. Hapana, soda sitaki, zinavunjika. Mwisho nikasikia ubishi mrefu. Ilikuwa imebaki mia tano, mhudumu anasema kuponi haina chenji, mama mkubwa anasema yeye hajaomba chenji, anaomba mia tano yake.

Hakupewa. Tulishuka Malindi ya Unguja tukiwa na katoni tisa, na wapagazi walitutoza kuzibeba karibu bei ya katoni moja. Siku mbili za Unguja tulikula pweza Forodhani mara moja tu, kwa sababu kila tukiona chakula mama mkubwa alituuliza biskuti zile alimnunulia nani.

Kurudi, gari la mwisho tulilipanda Babati. Tulipokaribia nyumbani mtu akaonekana juu ya kilima, mbali, anapunga kitambaa. Konda akagonga bati mara mbili. Dereva akazima injini, abiria wakaanza kushuka kunyoosha miguu, na mama mkubwa, aliyekuwa amesinzia tangu Dareda, akafumbua macho, akaangalia umbali wa yule mtu, akapiga hesabu, akaivuta katoni kutoka chini ya kiti.

"Biskuti za boti," akatangaza dirishani. "Mia tano, mia tano. Sina chenji."