Sifa za Amri ya Kukaa Nyumbani

Amri ya kukaa nyumbani ilitoka Kinshasa mwezi Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona katika Kongo kilitangazwa tarehe 10. Tarehe 18 Rais Félix Tshisekedi alifunga shule, makanisa na baa, akakataza mikusanyiko inayozidi watu 20. Tarehe 24 akatangaza hali ya dharura. Aprili mji wa Goma ukatengwa na sehemu nyingine za Kivu Kaskazini, na kuanzia hapo kila redio ya jimbo ikawa inaimba wimbo mmoja: kaa nyumbani. Buleusa, katika eneo la Ikobo wilayani Walikale, iliusikia wimbo huo sawa na wengine wote. Wakazi wake walisikiliza kwa heshima.

Waandishi wengi wameilaumu amri hii bila kuipima. Fadhila zake ndogo zinatosha kutajwa kwa haraka. Iliokoa fedha zilizokuwa zikiishia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Ilifupisha matanga, ambayo sasa yalipaswa kumalizika kabla wakwe hawajaanza kuuliza kuhusu mahari iliyobaki. Iliwaonyesha wanaume namna nyumba zao zinavyokuwa saa nne asubuhi, jambo ambalo wengi walikuwa wakilisikia tu.

Fadhila kuu, inayostahili maelezo marefu, ni mchango wake katika hesabu. Chumba kikuu cha nyumba ya miti na udongo, tuseme, kina mita 3 kwa 4. Agizo lilitaka mtu akae mita 1 kutoka kwa mwenzake. Asiyejua hesabu ataona chumba hicho ni kidogo. Mwenye kujua ataanza ukutani, apange watu mita moja moja, na kupata safu 4 za watu 5, yaani watu 20 kamili: idadi ile ile aliyoiruhusu Rais. Hakuna ushahidi kwamba washauri wa ikulu walipima vyumba vya Ikobo, lakini ulinganifu huu si wa kupuuzwa.

Mpangilio una masharti yake. Wanne lazima wakae kwenye pembe, kila mmoja akiegemea kuta mbili kwa pamoja. Mafiga yanachukua nafasi moja na kidumu cha maji nyingine. Mbuzi, ambaye usiku huingizwa ndani kwa sababu za usalama zisizohusiana na virusi, anachukua nafasi moja akisimama na mbili akilala. Kitanda hakifai, kwa kuwa lengo lake tangu zamani ni kuwaweka watu karibu. Mtoto wa mgongoni analeta utata: akihesabiwa kama mtu, mama amevunja sheria tangu asubuhi, akihesabiwa kama sehemu ya mama, hakuna haja ya kumpimia fufu yake. Mmoja akitaka kwenda msalani, waliobaki husogezwa nafasi moja moja kama kete za bao hadi mlango upatikane, kwa hiyo mwenye tumbo la kuhara ni vizuri atoe taarifa mapema. Kuku hawakuwahi kuheshimu mpangilio huu. Ikija familia iliyokimbia kijiji cha jirani, nayo huja, hesabu inaanzwa upya kwa kipimo cha nusu mita. Na wakija wa pili, kipimo kinaachwa.

Kuhusu wageni hao, amri inahitaji maelezo ya ziada, kwa kuwa ilijengwa juu ya dhana tatu: kwamba mtu ana nyumba, kwamba chakula kimo ndani yake, na kwamba hakuna atakayekuja kumtoa. Watu wa Buleusa walikuwa wameomba kukaa nyumbani miaka mingi kabla ya virusi. Katika vurugu za 2015 na 2016 wenyeji walihama, waliokimbia kwingine wakaingia, kisha nao wakaondoka wenyeji waliporudi. Waasi wa FDLR, wanamgambo wa Mai-Mai na jeshi la serikali walipita kwa zamu, na kila upande ulikuwa na maoni yake kuhusu nani alale wapi. Wakati huo wote hakuna aliyesoma kwenye redio agizo la kuwaacha watu majumbani mwao.

Chakula nacho kiko shambani. Muhogo haung'oki wenyewe ukaja mlangoni, na sombe haitwangwi kabla ya kuchumwa. Amri ilifaa zaidi Gombe, mtaa wa serikali na balozi huko Kinshasa, uliofungwa Aprili 6, ambako nyumba ina friji na friji ina umeme. Watoto waliahidiwa masomo ya Radio Okapi, na masomo hayo yalikuwepo kweli. Mawe ya redio ndiyo yaliyokosekana, pamoja na baba wa kukubali kuyamaliza kwa sarufi ya Kifaransa huku habari za saa kumi na mbili zikimsubiri.

Hata haraka ile ya serikali inashangaza. Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, iliua watu 2,287 kabla ya kumalizika Juni 2020. Surua iliyoanza 2019 iliua zaidi ya 7,000, wengi wao watoto wadogo, na haikutangaziwa hali ya dharura hata siku moja. Surua ni ugonjwa wa watoto wa maskini. Haipandi ndege kwenda Ulaya ikarudi na mawaziri.

Lakini sifa ya amri haiwezi kukamilika bila kuwataja wale ambao haikuwagusa. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu mbili, za wanajeshi, polisi, idara za serikali na makundi yenye silaha. Bariere ni mti uliolazwa njiani, kibanda cha majani, na kijana aliyeketi na bunduki magotini. Mama anayepeleka mihogo sokoni huteremsha mzigo, huacha noti au bakuli la unga, hubeba tena. Katika maeneo iliyoyashikilia Walikale na Masisi, NDC-R, kundi lenye silaha, ilidai pia jetoni, kodi ya faranga 1,000 kwa mwezi, na asiyeonyesha karatasi ya malipo alikuwa na kesi. Redio ilipita kwenye miti hiyo yote bila kulipa. Sabuni haikupita bure. Mtu akikaa nyumbani kama alivyoamriwa, hapati cha kulipia jetoni. Akitoka kukitafuta, amevunja amri. Akikutwa njiani, kijana wa bariere hamuulizi homa. Mita moja ile iliyotaabisha familia nzima chumbani haikumhusu yeye, kwa kuwa mfuko wa mtu haufikiwi kwa mbali.

Julai 2020 NDC-R yenyewe iligawanyika: kamanda Gilbert Bwira alitangaza kumwondoa kiongozi wake, Guidon, na pande mbili zikaanza kupigana Walikale na Masisi. Watu wakafunga magodoro na masufuria, wakatoka majumbani katikati ya dharura, makundi kwa makundi, wengi zaidi ya 20.

Siku hizo hizo Rais alitangaza mwisho wa hali ya dharura kwa hatua tatu. Kuanzia Julai 22 biashara, baa na usafiri wa mijini. Agosti zamu ya shule, wanafunzi wa madarasa ya mwisho wakitangulia na wengine wakisubiri hadi Oktoba. Agosti 15 makanisa, mipaka na viwanja vya ndege. Kila kilichokuwa kimesimamishwa kilipewa siku yake ya kuanza tena. Bariere hazikutajwa kwenye hatua yoyote, kwa sababu hazikuwa zimesimamishwa.