Ndevu Tatu, Nyembe Mbili

Siku hizi vijana wetu wa Tabora hawanyoi ndevu, wanajadili chuma. Huyu anaapia wembe wa kukunja wa chuma cha kaboni: hunoleka upesi, hukata vizuri, ila ukiulaza na maji unaamka na kutu. Yule anausifu wa kromiamu, usioshika kutu kirahisi, lakini kuunoa ni kazi ya kudai deni kwa shemeji. Mvumbuzi Livingstone alipokaa Kwihara, jirani na Tabora, mwaka 1872 hakuwa na ubishi huo. Maana Harry Brearley, aliyekuja kuyeyusha chuma kisichoshika kutu kule Sheffield mwaka 1913, wakati huo alikuwa mtoto wa mwaka mmoja. Nunueni kwanza ukanda wa kunolea, mabwana. Ndevu zenyewe, tukizihesabu vizuri, hazijafika kumi.