Mkakati Mpya, Taka Zilezile
Katika kaunti nyingi za England, halmashauri ya wilaya huzoa taka za majumbani, ya kaunti ikatafuta pa kuzipeleka. Ndiyo maana halmashauri hizo hazichoki kuhuisha mkakati wa pamoja. Uingereza ililenga kurejeleza asilimia 50 ya taka hizo ifikapo 2020. England ikakwama kwenye 44 hivi, na kilichorejelezwa kikamilifu ni mkakati wenyewe. Mtetezi atasema bila mpango kila wilaya ingekuwa na pipa la rangi yake. Sawa, lakini Wales nayo ina mipango, ila sheria yake inaruhusu halmashauri isiyofikia lengo itozwe faini, na imevuka asilimia 60. Hata hivyo, tuzipongeze halmashauri za England: karatasi za mkakati, angalau, zinarejelezeka.