Kamba ya Nailoni

Katika mambo yaliyopata kunifedhehesha mbele ya jamaa, hapana lililozidi lile la kitanda cha mgeni, kitanda cha mvule chenye matendegu ya kuchongwa, ambacho marehemu babu alikiwamba kwa kamba ya usumba, na ambacho mimi, kwa kupenda usasa na kuchukia vumbi la makumbi, nilikiwamba upya kwa kamba ya nailoni ya buluu niliyoinunua kwa muuza vifaa vya uvuvi.

Muuzaji aliisifu bila kusema uongo: haiozi kwa maji ya chumvi, wala papa akivuta haikatiki upesi. Lakini sikumwuliza, naye hakunieleza, kwamba kamba hiyo ikielemewa hunyumbuka hata ikaweza kuzidi urefu wake kwa kadiri ya robo, na ndiyo sababu mabaharia huiamini kwa nanga, kwani wimbi likikirusha chombo, yenyewe hujinyoosha na nanga ising'oke. Nailoni ilitangazwa huko Marekani mwaka 1938, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa nywele za mswaki. Laiti ningalijua, ningaliyaachia meno.

Jioni nilikanyaga mfumbati kwa mguu, nikavuta hata kamba zikalia kama nyuzi za udi. Usiku ule ule akawasili ami yangu kutoka Pemba, mtu wa haiba na wa uzito, nikamkaribisha kitandani kwa majivuno yasiyo kiasi.

Yapata saa saba nikasikia mnong'ono wa kamba, kisha kishindo, kisha istighfari. Nikakimbilia na kandili. Mafundo, kwa ule utelezi wa nailoni, yalikuwa yamefumuka moja baada ya moja, na ami amezama katikati, mgongo u sakafuni, magoti yamegusa ndevu, tasbihi ingali mkononi.

"Mwanangu," akasema kwa upole ulionichoma zaidi kuliko matusi, "kitanda hiki umekiwamba cha kulalia ama cha kuvulia?"

"Niwie radhi, ami. Kamba yenyewe ni ya wavuvi."

"Basi nivue, maana nimekwisha kunasa."

Kulipokucha nikafuata usumba, ule ambao wanawake wa Jambiani na Paje hufukia makumbi yake pwani kwa miezi hata yalainike, kisha huyaponda na kuyasokota viganjani. Ni kamba ya kuparuza, yenye nywele tele, na hizo nywele nilizokuwa nikizidharau ndizo zing'ang'anianazo hata fundo lisiteleze.

Ile ya buluu, kwa kuwa niliilipia, sikuitupa. Nikaifunga baina ya mwarobaini na mfenesi iwe ya kuanikia nguo, na asubuhi mke wangu akaitundikia kanga zake zote na shuka za mgeni, mbichi, zikidondoka maji. Kufika adhuhuri akaniita uani bila ya kulitaja jina langu. Kamba ilikuwa imelegea hata chini, na juu ya shuka ya ami alikuwa amelala kuku na vifaranga wake, hana habari.