Rubani wa Akiba: Maelezo kwa Ndugu Wanaosubiri Picha za Angani

Miongoni mwa ndugu walioko Dar es Salaam na Mombasa imeenea dhana kwamba kijana wao aliyepata kazi ya urubani nchini Marekani hushinda angani, na kwamba asipopokea simu ni kwa sababu yuko juu ya mawingu. Dhana hiyo ina heshima kubwa na ukweli mdogo, kwa kuwa rubani mgeni wa shirika la kikanda, yaani shirika linaloendesha ndege ndogo kwa niaba ya shirika kubwa ambalo jina lake ndilo lililochorwa ubavuni mwa ndege, huanza kazi akiwa kwenye zamu ya akiba. Hiyo ni zamu ambayo rubani hana safari yoyote katika ratiba, ila hulazimika kuwa tayari kushika nafasi ya mwenzake aliyeugua, aliyekwama kwenye theluji, au aliyemaliza saa za kazi anazoruhusiwa kisheria. Yeye ni kama mchezaji wa akiba, isipokuwa kwamba mchezaji angalau huketi mahali anapouona uwanja.

Kinachoamua nani awe akiba si umahiri bali ni orodha ya ukongwe, ambayo huwapanga marubani wote wa shirika kwa tarehe ya kuajiriwa, na ndiyo inayogawa kituo cha kazi, siku za mapumziko, na haki ya kula pilau ya Krismasi au ya Idi mezani badala ya kuila baridi katika kopo la plastiki. Walioajiriwa siku moja hutenganishwa, katika baadhi ya mashirika, kwa umri, jambo ambalo wazee wa nyumbani watalisifu. Katika mengine hutazamwa tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, hivyo namba iliyotolewa zamani na ofisi isiyohusika kabisa na ndege huamua nani atakesha uwanjani mwaka mpya ukiingia. Hakuna mjomba wa kuombwa amsogeze mtu mbele. Rubani husogea pale tu aliye juu yake anapohamia shirika kubwa, anapoacha kazi, au anapofikisha umri wa kustaafu wa miaka 65, na ndiyo maana sherehe za kuwaaga wakongwe huhudhuriwa na vijana wenye furaha isiyofichika.

Zamu yenyewe ina sura kadhaa. Akiba ya muda mrefu ni ya kistaarabu, kwani anayeitwa hupewa kwanza mapumziko ya saa 10. Akiba ya uwanjani humweka rubani kwenye jengo la abiria akiwa amevaa sare kamili na hana pa kwenda. Inayotesa ni akiba ya muda mfupi, ambapo simu yaweza kuita wakati wowote katika kipindi kilichopangwa, tuseme kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili jioni, na aliyeitwa huwa, katika mashirika mengi, na takriban saa mbili za kufika kazini. Saa mbili ndizo zinazohitajika pia kuivisha maharage, kwa hiyo rubani aliye kwenye zamu hiyo hali maharage isipokuwa ya kopo. Huoga simu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni juu ya sinki, hunyoa ndevu hata kama hakuna atakayemwona, na hununua dukani vitu vichache tu ambavyo hatajutia kuviacha kwenye foleni ya malipo.

Chanzo cha kanuni hizi hakina mzaha. Februari 2009 ndege ya safari za kikanda ilianguka karibu na Buffalo, jimboni New York, wakafa watu 50, na uchovu wa marubani ukawa hoja nzito. Kutokana na sheria iliyotungwa mwaka 2010, rubani msaidizi hutakiwa kwa kawaida awe na saa 1,500 za kurusha ndege kabla ya kukabidhiwa abiria, na tangu Januari 2014 kipindi cha kungoja simu kimewekewa ukomo wa saa 14. Matokeo yake ni kwamba kijana hukimbizana na saa 1,500 kwa kuwafundisha wanagenzi katika ndege ndogo, azipate, avishwe mistari mitatu begani, kisha aelekezwe kitandani.

Kitanda hicho mara nyingi kimo katika nyumba ambayo vijana wa Dar es Salaam wangeiita geto. Huko Kew Gardens, mtaa wa Queens ulio kati ya viwanja viwili vya ndege vya New York, wafanyakazi wa ndege wenye makazi ya mbali hupanga pamoja vyumba vyenye vitanda vya dabodeka, sare zikining'inia kwenye nguzo za vitanda na kila chupa ya maziwa katika friji ikiwa na jina la mwenyewe. Simu moja ikiita usiku, wote huketi.

Kuhusu fedha, swali ambalo ndugu huliuliza mapema kuliko hali ya afya, ieleweke kwamba rubani hulipwa kwa saa zinazohesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea hadi inapoegeshwa, na wa akiba asiyeitwa huambulia kima cha chini cha mwezi, ambacho katika mashirika mengi hukaribia malipo ya saa 75. Hivyo basi, wenye maombi ya ada, mabati na mahari wanashauriwa kutuma ujumbe wa maandishi, hasa kwa kuwa saa tano asubuhi ya Dar es Salaam, ndugu wanapokuwa wamekwisha kunywa chai na kumkumbuka rubani wao, ni saa kumi alfajiri ya New York wakati wa kiangazi, naye huruka kitandani, huingiza mguu mmoja kwenye suruali ya sare na kujitambulisha kwa namba yake ya kazi, ndipo shangazi anapomuuliza hiyo ni namba ya kutumia pesa au vipi.